Injini Ikinoki, Ifunguliwe Kwanza

Hivi ni nani aliyetufundisha kwamba injini ikinoki dawa yake ni kuitupa na kukimbilia Ilala kununua nyingine iliyotumika Japani? Hakuna anayeuliza kilichoiua. Tunazika tu, tena haraka haraka, na fedha tunayozikia mara nyingi ni ya mkopo.

Rafiki yangu alikuwa karibu kufanya hivyo. Subaru Forester yake ya turbo ilianza kugonga, kok kok kok, na mlio ulipanda kila alipokanyaga mafuta. Taa ya oili haikuwa imewaka, na hilo lilimchanganya sana. Kumbe ile taa huwaka presha ikiwa tayari imeshuka mno. Haikuambii kwamba oili imepungua, wala kwamba imechoka. Watu wote aliowauliza walimpa jibu lilelile: funga injini nyingine, hamishia turbo yako maana bado nzima, endelea na maisha. Alikuwa na akiba ya mwaka mzima, ambayo ingetosha kununua injini moja. Si mbili.

Fundi wake, mzee asiye na haraka, akakataa. "Mwanangu, nikikufungia nyingine leo bila kujua hii imekufaje, utarudi hapa unalia." Nilikuwepo siku ilipofunguliwa.

Oili ilipomwagwa kwenye beseni na kupigwa tochi, ilimetameta kama rangi ya kucha. Filta ilipopasuliwa, mikunjo ya karatasi yake ilikuwa imejaa chembe za chuma. Kisha ikaanza kazi yenyewe, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mafundi wengi wanaikwepa. Injini ya EJ20 ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na bloki yake hutengana nusu kwa nusu. Kabla ya kuitenganisha ni lazima uchomoe pini za pistoni kupitia matundu ya bloki. Si kazi ya saa moja.

Beringi zinazozungumzwa hapa hazina gololi kama za baiskeli. Ni vipande viwili vya chuma chembamba vilivyopinda nusu duara, vyenye tabaka la madini laini, vinavyokaa pale konrodi inapoikumbatia krenki. Nafasi kati ya beringi na krenki ni ndogo kuliko unene wa unywele, na humo oili ndiyo inayobeba mzigo wote. Injini ikizunguka vizuri, chuma hakigusi chuma. Turbo inaongeza kishindo juu ya pistoni, halafu yenyewe inadai sehemu ya oili hiyohiyo, maana shafti yake inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Oili ikipungua mno, utando ule unakatika.

Beringi moja ilitoka ikiwa imeliwa hadi rangi ya shaba, imezunguka kutoka mahali pake. Nyingine zilikuwa na mikwaruzo. Lakini muuaji hakuwa hapo. Alikuwa chini, kwenye sampo: kichujio cha bomba linalonyonya oili kilikuwa kimezibwa karibu nusu na vipande vya silikoni. Mtu fulani, zamani, alifungua sampo ile na kuirudishia kwa kupaka silikoni kama anayepaka siagi kwenye mkate. Iliyozidi ilimeguka ndani.

Ile turbo "nzima" je? Shafti ilikuwa inacheza, na kwenye njia yake ya oili zilikutwa chembe zilezile zinazometa. Kipoza oili nacho kilikuwa nazo. Yaani rafiki yangu angechukua mabaki ya injini ya kwanza na kuyalisha injini ya pili, kwa akiba yake mwenyewe.

Najua mtaniambia kwamba kufungua kuna gharama, na kwamba mwenye gari la biashara hana siku za kupoteza. Ni kweli. Bado nasema lipa. Na tuache pia ule wimbo wa kijiweni kwamba gari za turbo ni mbovu. Hii iliuawa na kopo la silikoni.

Ukienda Ilala, muuzaji atakuambia injini yake "haijawahi kufunguliwa". Hayo ni maneno ya biashara. Mwombe ashushe sampo mbele yako, piga tochi kwenye kichujio, pitisha kidole kwenye tope la chini uone kama linameta. Akigoma, shukuru, nenda duka la pili. Yapo mengi.