Kasiksi nayo ina kwao

Siku tuliyopokea mahari ya binti wa dada yangu, hapa Bagira, mjini Bukavu, shemeji aliyerudi kutoka Ujerumani aliweka mezani chupa ndefu ya kijani ya divai nyeupe. Kabla haijafunguliwa niliisoma karatasi yake. Riesling: jina la zabibu. Wehlen: kijiji. Sonnenuhr, yaani saa ya jua: shamba lenyewe, kwenye mteremko mkali juu ya mto Mosel. Halafu mwaka wa mavuno. Ilipomiminwa, harufu ya limau na tufaha bichi ilifika hadi kwa waliokaa mlangoni.

Kando yake palikuwa na bidoni mbili za manjano za kasiksi, pombe yetu ya ndizi, bila neno hata moja juu yake. Imepikwa na nani, kwa ndizi gani, kwenye mlima gani wa Bushi? Mjomba alijibu tu kwamba ameitoa soko la Kadutu. Bidoni ya kwanza ilikuwa nzuri kabisa. Ya pili ilikuwa imetiwa maji na sukari, na wakwe walikuwa wamekaa mbele yetu. Iliniuma sana.

Mimi nimekulia Kabare, miguuni pa koko, mama yake mama. Alikuwa akifukia ndizi shimoni, anazifunika majani ya mgomba, anangoja siku kadhaa ziive pamoja. Kisha anazimenya na kuzikanda kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti mpaka zitoe maji. Anachuja, anatia unga wa mtama uliokaangwa, anafunika. Kesho yake ukitega sikio unasikia povu likichemka taratibu. Hakuwahi kuchanganya ndizi ya Nshikazi na ya Kamaramasenge. Alijua kila moja inanukiaje.

Wajerumani wamelitunza jina la Riesling tangu 1435, lilipoandikwa kwenye hesabu ya miche iliyonunuliwa Rüsselsheim. Mwaka 1916, huko Alzey, Georg Scheu aliizalisha Riesling na zabibu nyingine. Mzabibu uliopatikana, wenye harufu kali kuliko Riesling, leo unaitwa Scheurebe, kwa jina lake yeye. Sisi hatukukosa majina. Yangambi Km 5, ndizi inayojulikana na watafiti duniani kote, imeitwa kwa kituo cha utafiti cha hapa hapa Kongo.

Sisemi tupande Riesling. Mzabibu ule unataka baridi ya kweli ili ulale, na Bukavu haina majira hayo. Nasema bidoni iandikwe: ndizi, mlima, na siku. Siku, maana kasiksi haingoji mwaka. Baada ya siku chache inakuwa chachu. Wataniambia mama anayeshuka na bidoni mgongoni kutoka Walungu hana pesa ya kuchapisha karatasi. Hahitaji mashine ya kuchapia. Anahitaji mnunuzi anayeuliza, na anayekubali kuongeza franka kwa kasiksi yenye kwao. Tusipouliza, aliyetia maji na aliyekesha akichuja watalipwa sawa, na huyu wa pili ataacha kupika.

Jumamosi nilimpelekea mama anayeniuzia kasiksi kalamu ya wino usiofutika. Aliandika polepole ubavuni mwa bidoni: Nshikazi, Kabare, Alhamisi. Akaniuliza kama aweke na jina lake. Nikamwambia hilo ndilo litangulie.