Mtaalamu Asigeuzwe Karani

Mtaalamu wa fizikia ya kihisabati hasifiwi mara nyingi katika magazeti ya bara letu. Kazi yake haina moshi wala mlio, na kiwanda chake ni kalamu na karatasi. Kwa hiyo tumeona yafaa kumzungumzia marehemu Profesa Francis Allotey wa Ghana, aliyezaliwa Saltpond mwaka 1932 na kufariki dunia mwaka 2017, maana maisha yake yanauliza swali ambalo vyuo vikuu vyetu havijalijibu.

Allotey alikulia kati ya vitabu vya duka la baba yake. Alisoma London, akafundisha Kumasi, kisha akaenda Marekani, ambako Chuo Kikuu cha Princeton kilimtunukia shahada ya udaktari mwaka 1966. Hakuna Mghana aliyemtangulia kwa shahada hiyo katika sayansi za hisabati.

Mwaka uliofuata jarida la Physical Review lilichapisha makala yake kuhusu eksirei hafifu. Elektroni iliyo karibu kabisa na kiini cha atomu ya metali ikitolewa mahali pake, huacha pengo. Elektroni nyingine huanguka kuliziba pengo hilo, na katika kuanguka hutoa eksirei. Vipimo vya metali ya lithiamu vilikuwa vimewatatiza wataalamu, kwani mionzi ilifikia kilele mapema kuliko hesabu zilivyotabiri. Allotey alionyesha kwamba pengo lenyewe haliwezi kupuuzwa: huzivuta elektroni zilizo jirani, na mvuto huo hubadili sura ya mionzi. Wengine walileta maelezo mengine baadaye, na ubishi uliendelea miaka mingi, kama ilivyo ada ya sayansi. Lakini njia yake ya kukokotoa ilipewa jina lake, na mwaka 1973 ilimpatia Tuzo ya Dhahabu ya Prince Philip.

Baada ya hapo vyeo vilimwandama. Mwaka 1974 akawa Mghana wa kwanza kuwa profesa kamili wa hisabati. Akaongoza idara, akaongoza kitivo, akaanzisha kituo cha kompyuta cha chuo cha Kumasi, hata akawa naibu mkuu wa chuo. Hatusemi kwamba jasho hilo lilipotea. Alihimiza elimu ya kompyuta wakati wengi waliiona kuwa anasa, na alikuwa miongoni mwa waliofanikisha kufunguliwa kwa Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati nchini Ghana mwaka 2012. Hata hivyo, jina lake katika fizikia limesimama hasa juu ya kazi ile ya miaka ya 1960, na jambo hilo halituridhishi.

Ni desturi yetu kwamba kijana akionyesha akili katika milinganyo, twamzawadia ofisi, mihuri na majalada. Tunadhani tumemheshimu. Ndipo tunashangaa kwa nini utafiti wetu ni haba! Abdus Salam wa Pakistan aliuona msiba huu mapema. Kituo alichokianzisha Trieste, Italia, mwaka 1964 kiliwawezesha wanafizikia wa nchi maskini kwenda kutafiti kwa miezi michache, kisha kurudi makwao bila kulazimika kuhama.

Leo Kigali ina taasisi mbili za namna hiyo: tawi la taasisi ile ya hisabati tangu 2016, na taasisi ya utafiti wa sayansi za msingi, mshirika wa kituo cha Trieste, tangu 2018. Vijana wanahitimu humo. Tunazitaka serikali za eneo letu zitenge katika bajeti nafasi za kudumu za watafiti wasioongoza idara yoyote, wenye mshahara usiopungua wa wakuu wa vitivo, na ambao vikao vyao vya kamati kwa mwaka havizidi vidole vya mkono mmoja.