Friji imezima? Usikimbilie kununua kompresa

Unauza maziwa na soda hapo Makina, Kibera, au karibu na soko la Kawangware. Usiku stima zinapotea, zinarudi kwa nguvu, na asubuhi friji inanguruma tu bila kupoa. Fundi anaigusa, anatikisa kichwa: "Kompresa imeenda." Kabla hujatoa doo, tulia kidogo.

Wakati mwingine kompresa haina hatia. Kilichoungua ni rilei au kapasita inayoisaidia kuanza kuzunguka, kidude cha bei ndogo sana kikilinganishwa na kompresa yenyewe. Fundi anayejua kazi hupima kwa mita, ndipo aseme.

Halafu kuna hii ya "gesi imeisha". Friji haichomi gesi vile gari linachoma petroli. Gesi huzunguka mle mle kwenye mabomba miaka nenda miaka rudi, kwa hivyo ikipungua, kuna mahali inavuja. Ukijaziwa bila tundu kuzibwa, utamuona fundi tena hivi karibuni, na utalipa tena.

Soma kibandiko cha friji yako. Nyingi za zamani zinatumia R134a, nyingi mpya R600a, na hizi mbili hazibadilishani. R600a inashika moto. Fundi akichomelea bomba ambalo bado lina gesi hiyo, ndani ya chumba cha mabati kilichobanana na cha jirani, anahatarisha ploti nzima. R134a haishiki moto, lakini kilo moja ikiachiliwa hewani huongeza joto la dunia kushinda kilo 1,000 za kaboni dioksidi. Ndiyo maana mataifa yalikubaliana mjini Kigali, Oktoba 2016, kupunguza gesi za jamii hiyo.

Lakini nani atayafikisha makubaliano ya Kigali hadi Gatwekera? Ni fundi wa jua kali aliyejifunza kwa kumtazama mwenzake, na ambaye pampu ya kuvuta hewa ni ghali kwake. Kumlaumu peke yake ni rahisi. NITA huwatahini hata mafundi waliojifunzia kazini, kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza, na cheti hicho kinaweza kumsaidia kupata kazi za AC kule Lavington, jirani tu na Kawangware. Sisi wateja nasi tuna makosa: tukitaka bei ya chini kuliko zote, tunapata kazi ya kulipua.

Kwa hivyo uliza. Umepima na nini? Tundu liko wapi? Umebadilisha chujio? Umevuta hewa kwa pampu kwa angalau nusu saa? Gesi umeipima kwa mizani? Dai spea ya zamani na risiti. Kisha nunua kile kifaa cha kulinda friji stima zikirudi. Fundi mzuri hatakasirika ukimuuliza. Akikasirika, tafuta mwingine.