Tope la Juu ya Pine: Osha Mbele ya Kung'arisha



Kila siku ya posho, katika mitaa yetu ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, munaona motokari zinaoshwa. Ndobo ya maji, sabuni, kitambaa, na vijana wawili watatu wenye kukunja suruali. Vioo vinang'aa. Milango inang'aa. Pine zinapakwa mafuta mpaka zinakuwa nyeusi sawa viatu vya bwana harusi. Mwenye motokari anatoa feza, anapanda, anaenda. Lakini inama kidogo, uingize mukono juu ya pine, ndani ya gadebu. Utagusa nini? Tope. Pengine ni tope la mvula ya mwezi wa kumi na mbili, na sasa tuko mwezi wa sita.

Gadebu ni ile fasi ya mviringo ambamo gurudumu linazunguka. Macho ya watu hayafiki kule, kwa hiyo kitambaa nacho hakifiki. Mwezi huu tuongee juu ya fasi hiyo, sababu njo pale motokari nyingi zinaanza kuoza, na njo pale vumbi la mine linajificha ili liingie pamoja nasi nyumbani.

Namna gani tope linakula chuma

Ili chuma kipate kutu, kinahitaji vitu viwili: maji na hewa. Mulango wa motokari ukilowa, jua linaukausha kwa dakika chache. Tope la ndani ya gadebu haliko hivyo. Linashika maji sawa eponji, siku nyingi, na chuma kinabaki kimelala katika unyevu. Angalia ukingo wa gadebu: umekunjwa kwa ndani, na katika mukunjo ule tope linakaa kama chakula katikati ya meno. Tena, mawe madogo ya barabara yanarushwa na pine na kupasua rangi. Kwetu mvula inanyesha tangu mwezi wa kumi ao wa kumi na moja mpaka mwezi wa ine. Hesabu mwenyewe ni miezi mingapi.

Sisi wa nchi ya shaba tuko na tatizo lingine. Malori yanapita na udongo wa mine, na katika viwanda asidi sulfuriki njo inatumika kutoa shaba na kobalti katika mawe. Kile kinachoanguka barabarani, pine yako inakirusha juu. Mwanafunzi aliyesoma kemia anajua jambo hili: tia musumari safi katika maji ya buluu yenye sulfati ya shaba, ungoje kidogo. Musumari unageuka mwekundu. Ule wekundu si kutu, ni shaba imekaa juu ya chuma, na chuma chenyewe kimeyeyuka kidogo ili kuipatia nafasi. Basi tope lenye chumvi za shaba na asidi linakula chuma mbio kuliko tope la shamba.

Na wewe unayetaka kununua motokari iliyokwisha kutumika inayotoka Japani ao Ulaya, sikia neno hili. Katika sehemu zao za baridi kali, wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Chumvi ile inapanda ndani ya gadebu. Kwa hiyo usidanganywe na rangi ya nje. Piga magoti, na taa mukononi. Kama ndani ya gadebu umekuta rangi nyeusi nzito ya lami, mupya kabisa, na motokari ni ya miaka mingi, uliza kwa nini. Gonga polepole kwa kidole. Chuma kizuri kinalia. Chuma kilichooza kinanyamaza, na pengine kinavunjika.

Namna ya kuosha

Kwanza, simamisha motokari katika kivuli, kwenye udongo sawa, na uache freni zipoe. Maji ya baridi juu ya chuma cha moto yanaweza kukipinda. Vuta freni ya mukono, weka jiwe nyuma na mbele ya pine.

Pili, anza na gadebu, kisha pine, halafu mwili wa motokari. Wengi wanafanya kinyume. Wanaosha milango vizuri, kisha wanapiga maji ndani ya gadebu na tope linaruka juu ya milango. Na uwe na ndobo yake na brosi yake. Mchanga wa gadebu ukiingia katika eponji ya milango, unakwaruza rangi sawa kisu.

Tatu, lowesha tope mbele ya kulikwangua. Mwaga maji, ngoja dakika kumi, mwaga tena. Kunja usukani mpaka mwisho upande mmoja, osha, kisha ukunje upande wa pili. Hivyo brosi ya mpini murefu itafika nyuma na mbele ya pine. Anza juu, shuka chini. Pitisha kidole katika mukunjo wa ukingo, ukiwa umevaa ganti, maana chuma cha pale kinakata. Sabuni ya kawaida inatosha. Asidi ya batri hapana! Soda kali hapana! Zinaondoa tope leo na kula chuma kesho.

Kama unatumia mashini ya maji yenye nguvu, simama mbali kidogo. Usielekeze maji karibu sana na mipira, bomba za freni ao waya. Katika motokari nyingi kuna plastiki kubwa ndani ya gadebu. Nyuma yake majani yanajaa na kuoza. Mara moja kwa mwaka, mvula ikiisha, fundi aifungue, asafishe nyuma yake, na aangalie kama vitobo vya kutoa maji chini ya milango havijazibwa.

Ukitaka kuondoa pine, legeza bulo mbele ya kuinua. Na kriki peke yake haitoshi. Weka nguzo ya chuma, na pine ya akiba ilale chini ya motokari. Mtu asiingize kichwa chini ya motokari inayoshikwa na kriki tu, hata kwa dakika moja. Ukirudisha pine, kaza bulo kwa kuvukisha, moja huku, nyingine ngambo, na uzikaze tena kisha kutembea kidogo.

Fasi ya kuoshea

Mama, neno hili ni lako pia. Mwaka 2018 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walitangaza matokeo ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambamo watu walichimba kobalti katikati ya nyumba. Vumbi la nyumba lilikuwa na kobalti nyingi, na mukojo wa watoto ulikuwa nayo nyingi kuliko wa watoto wa mtaa wa jirani. Vumbi halibishi hodi. Baba akitoka kazini, tope la barabara ya mine linakuja naye juu ya pine.

Kwa hiyo usioshe gadebu karibu na kisima, wala pembeni ya lengalenga na matembele, wala katika mto ambamo mama wengine wanateka maji. Kama kuna fasi ya kuoshea yenye shimo lake, enda kule. Usikwangue tope kavu, wala usipulize vumbi la freni. Lowesha kwanza, na watoto wacheze mbali. Kazi ikiisha, nawa mikono mbele ya kula, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za mutoto.

Kisha kuosha: angalia

Gadebu ikiwa safi, motokari inaanza kusema. Grisi imerushwa ndani ya gurudumu? Mpira wa kifuniko cha ekseli umepasuka. Amortiseri inatoka mafuta? Karibu imechoka. Bomba ya freni ina nyufa ao inalowa? Motokari isitembee mpaka fundi aione. Pine imekulwa upande wa ndani, ule usioonekana? Itapasuka njiani, na kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni kilometa karibu 300.

Vijana, sikieni. Yule anayeosha tu analipwa mara moja. Yule anayeosha na kusema, "Tata, bomba ya freni ya kushoto inatoka maji, uonyeshe fundi," atatafutwa tena. Kazi yako si kazi ya aibu. Taksi moja inalisha nyumba nzima, na pengine wewe njo mutu wa mwisho kuona freni zake mbele watu hawajapanda.

Sasa kung'arisha

Acha kila kitu kikauke kabisa. Mafuta juu ya tope lenye maji ni kufunga mwizi ndani ya nyumba. Ukiona kutu, ikwangue mpaka chuma cheupe, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu, kisha ile nyeusi ya kukinga mawe. Plastiki na mipira, zipake mafuta ya kung'arisha yaliyotengenezwa kwa maji. Tia kidogo juu ya eponji, usipulize ovyo. Paka nyembamba, ngoja, pangusa ile inayobaki.

Kuna desturi ya kupuliza mazutu na mafuta machafu ya moteri chini ya motokari. Leo inang'aa, ni kweli. Lakini mafuta yale yanavimbisha mipira, yanakusanya vumbi upya, na mvula inayapeleka mtoni. Ubaya kuliko yote, yanaweza kufika kwenye freni. Freni iliyokunywa mafuta haishiki. Vilevile usipake mafuta ya aina yoyote juu ya uso wa pine unaogusa barabara. Kama mafuta yamemwagikia freni, usiseme "yatakauka." Fundi asafishe diski, na zile plaketi zilizokunywa mafuta zibadilishwe.

Ukimaliza, tembea polepole katika fasi tupu na kanyaga freni mara mbili tatu, zikauke na ujue zinashika. Halafu pandisha mama na watoto.

Fanya hivi mbele ya mvula na kisha mvula, na wakati wa tope mwaga maji ndani ya gadebu kila juma. Haiombi feza mingi. Inaomba maji, brosi, na mutu anayekubali kupiga magoti.

Mubaki na amani. Tutaonana mwezi ujao.