Maoni: Vidanji ya nyumbani haipaswi kuua garanti ya gari

Mwenye gari jipya nchini Congo huambiwa neno moja siku ya kupewa ufunguo: fundi wa nje asiliguse gari hili, la sivyo garanti imekufa. Neno hilo husemwa kwa mdomo na kwa haraka, na mnunuzi mwenye furaha huitikia tu kwa kichwa. Miezi michache baadaye, kilomita zikifika, anabaki na njia mbili. Ama alipe bei ya garaji ya muuzaji, hata kama iko mji mwingine, ama anunue oili na filta, afanye vidanji mwenyewe uani kwake, na kuhesabu kwamba haki yake imepotea.

Kwa maoni yangu, njia hizo mbili zimepangwa vibaya tangu mwanzo. Kubadilisha oili, filta, buji au plaketi za breki si kosa. Ni kazi ambazo kitabu cha gari chenyewe kinaagiza zifanywe. Kinachostahili kumnyima mtu garanti ni hasara iliyoletwa na kazi mbaya, na anayekataa kulipa ndiye anayepaswa kuonyesha hasara hiyo ilitoka wapi. Lakini mwenye gari naye ana deni lake: asiye na karatasi hata moja ya kuonyesha alichofanya, haki yake ni ngumu kuitetea.

Tuanze kwa kutenganisha vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. Kuna garanti ya kiwanda, ile inayokuja na gari jipya ndani ya bei yake. Inahesabiwa kwa miaka na kwa kilomita, na inakwisha kwa kile kinachotangulia. Halafu kuna garanti ya nyongeza, ambayo mnunuzi huilipia kando ili ulinzi uendelee baada ya ile ya kwanza kwisha. Ya kwanza ni ahadi ya mtengenezaji juu ya gari lake. Ya pili ni mkataba unaofanana zaidi na bima, na mara nyingine hautoki hata kwa mtengenezaji, bali kwa kampuni nyingine kabisa yenye masharti yake.

Tofauti hiyo ina uzito kwa yule anayetaka kushika spana mwenyewe. Nchini Uingereza, kwa mfano, Toyota ina mpango unaoitwa Relax. Kila gari linapopata matunzo katika garaji ya mtandao wake rasmi, linapewa garanti ya miezi 12 au maili 10,000, na linaweza kuendelea hivyo hadi lifikishe miaka 10 au maili 100,000. Sharti liko wazi. Anayefanya vidanji nyumbani baada ya garanti ya kwanza kwisha hapotezi kitu alichokuwa nacho. Anakosa tu zawadi mpya. Hilo ni jambo la haki, maana kila mtu anajua anachochagua. Kosa linaanza pale muuzaji anapochukua ahadi ambayo mnunuzi ameshailipia ndani ya bei ya gari, na kuifunga kwenye mlango wa garaji yake.

Nchi nyingine zimeshalijibu swali hili. Marekani ililijibu mwaka 1975, kwa sheria inayoitwa Magnuson-Moss. Sheria hiyo inamkataza mtoaji wa garanti kumlazimisha mteja atumie kipuri au huduma ya jina fulani ili garanti iendelee kuwa hai, isipokuwa kama anampa vitu hivyo bure, au kama amepata ruhusa maalumu ya Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC. Kwa lugha nyepesi: Mmarekani anaweza kwenda kwa fundi wa mtaani, au kulala chini ya gari lake mwenyewe, na garanti ikabaki. Sheria haikubaki kwenye karatasi tu. Mwaka 2022 tume hiyo ilimchukulia hatua mtengenezaji wa pikipiki Harley-Davidson, kwa sababu masharti yake yaliwaonya wateja kwamba watapoteza garanti wakitumia vipuri vya watu wengine.

Sheria hiyohiyo haimlindi mzembe. Kama injini imekufa kwa sababu mwenye gari alitia oili isiyofaa, au alisahau kabisa kuibadilisha, mtengenezaji anaweza kukataa, mradi aonyeshe kwamba hicho ndicho kilichoua injini. Na kwa mikataba ya nyongeza, tume hiyo inawashauri wanunuzi wasome masharti ya matunzo na kutunza risiti zote, kwa sababu kampuni inaweza kukataa madai ya gari ambalo halikutunzwa jinsi mkataba unavyotaka.

Umoja wa Ulaya ulipita njia ya ushindani wa biashara. Kanuni yake namba 461 ya mwaka 2010, ambayo imerefushwa hadi mwisho wa Mei 2028, inakwenda pamoja na mwongozo unaowaonya watengenezaji wasiifunge garanti kwa sharti la kufanya matunzo yote kwenye garaji zao rasmi.

Mfano wa karibu zaidi nasi unatoka Afrika Kusini, nchi ambayo wafanyabiashara wa Katanga wanaijua vizuri, maana mizigo mingi inayopita Kasumbalesa inatokea huko. Tangu tarehe 1 Julai 2021, mwongozo wa Tume ya Ushindani ya nchi hiyo unampa mwenye gari nafasi ya kuchagua fundi wa kujitegemea hata muda wa garanti ukiwa bado haujaisha. Mwongozo huo unataka pia bei ya mpango wa matunzo itengwe na bei ya gari, ili mnunuzi aone anachonunua na aweze kukikataa. Kwa hiyo jambo hili si anasa ya Wazungu. Limeshafanyika hapa Afrika, kusini yetu.

Na sisi tuko wapi? Msingi wa sheria yetu ya mikataba ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888. Kifungu chake cha 33 kinaamuru kwamba makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa wale walioyafanya. Dekreti hiyo inamwajibisha pia muuzaji kwa kasoro zilizofichika katika kitu alichouza. Ni misingi mizuri, lakini iliandikwa wakati ambapo hakuna gari lililokuwa likitembea katika nchi hii. Matokeo yake ni kwamba karatasi ya garanti, ambayo muuzaji ameiandika peke yake, ndiyo inayogeuka kuwa sheria. Na kwa kawaida anayedai kitu mahakamani ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Baba mwenye gari moja atathibitisha vipi kwamba injini ilikufa kwa kosa la kiwanda, wakati kompyuta ya kusoma gari, fundi na ripoti vyote viko mikononi mwa yule anayekataa kumlipa?

Msomaji anaweza kusema kwamba hilo ni tatizo la matajiri. Ni kweli, wengi wetu tunaendesha magari yaliyokwisha kutumika, yaliyotoka Japani kupitia Dar es Salaam na Mombasa, au Ulaya kupitia Matadi, na garanti ya kiwanda ilikwisha zamani au haivuki mipaka ya nchi lilikouzwa gari. Lakini gari jipya halinunuliwi na tajiri peke yake. Liko la mfanyabiashara aliyekopa benki, la ushirika, la parokia, la shule. Na hata kwenye magari ya okazioni wako wauzaji wanaotoa garanti ya mdomo ya miezi kadhaa kwa injini na giaboksi, kisha siku ya matatizo wanauliza swali lilelile: nani alifungua gari hili?

Tuchukue mfano wa mtu wa Kolwezi aliyenunua pikapu Lubumbashi. Kati ya miji hiyo miwili kuna takriban kilomita 300. Kama vidanji yote lazima ifanyike kwa muuzaji, kila mara anaongeza kilomita 600 za kwenda na kurudi, mafuta, siku mbili bila kazi, pengine na chumba cha kulala. Na kwa kuwa barabara zetu zina vumbi, watengenezaji wengi wanaagiza oili ibadilishwe mapema kuliko kawaida kwa gari linalofanya kazi katika mazingira ya namna hiyo. Basi safari zinakuwa nyingi zaidi. Mtu huyo atafanya nini? Ataichelewesha vidanji. Sharti lililowekwa eti kulilinda gari ndilo linaloliharibu.

Wauzaji wana hoja, nami siipuuzi. Wanasema wameona injini zilizouawa na fundi wa barabarani: oili ya bandia, filta isiyo na kipimo, kizibo cha oili kilichokazwa hadi uzi ukakatika. Wanasema pia kwamba magari ya siku hizi si kama yale ya zamani. Dizeli yenye chujio la moshi inataka oili maalumu, na oili ya kawaida inaweza kuliziba chujio hilo. Yote hayo ni kweli. Lakini kila moja ya makosa hayo huacha alama. Oili hupimwa, uzi uliokatika huonekana kwa macho, chujio lililoziba husomwa na kompyuta. Kama alama ipo, muuzaji aionyeshe na akatae kulipa, hakuna atakayemlaumu. Kama haipo, basi asimwadhibu mteja kwa sababu tu ya mkono ulioshika spana. Vidanji iliyofanywa nyumbani haina uhusiano wowote na dirisha la umeme lililogoma kupanda.

Wakati tunangoja sheria, mwenye gari anaweza kujilinda. Kwanza, asome karatasi ya garanti kabla ya kusaini, na kama kuna sharti la garaji rasmi, aulize linahusu garanti ipi: ya kiwanda au ya nyongeza. Pili, afuate kitabu cha gari kwa tarehe na kwa kilomita. Wengi husahau kwamba kama kitabu kinasema kilomita 10,000 au mwaka mmoja, gari lililotembea kilomita 4,000 tu kwa mwaka nalo limefikia zamu yake. Tatu, oili iwe ya aina iliyoandikwa kitabuni, si ile tu ambayo jirani anaisifu.

Nne, na hapa ndipo wengi wetu tunapoangukia, karatasi. Duka linalouza oili bila risiti ni la kuepukwa, hata kama bei yake ni ndogo. Risiti iwe na tarehe, jina la duka, aina ya oili na namba ya filta. Mwenye gari apige picha ya kilomita kwenye dashibodi na ya makopo ya oili siku ya kazi, kisha aandike yote katika daftari pamoja na namba ya chasi. Fundi wa mtaani naye aanze kutoa karatasi yenye jina lake na sahihi yake. Fundi anayeandika anachofanya atapata wateja ambao leo wanamkimbia kwa hofu ya garanti.

Tano, kuna mambo ya kuacha. Kufungua injini, kugusa nyaya za umeme au kubadilisha programu ya kompyuta ya gari wakati garanti bado ipo ni kumpa muuzaji sababu mkononi. Na kitu kikivunjika ndani ya muda wa garanti, kipelekwe kwa muuzaji, maana hapo ndipo kinapotengenezwa bure. Akikataa, aombwe aandike sababu ya kukataa. Kukataa kwa mdomo hakupelekwi mahakamani.

Kwa upande wa serikali, tayari tuna sheria ya mwaka 2018 kuhusu uhuru wa bei na ushindani. Wizara ya Uchumi inaweza kuanzia hapo na kutoa mwongozo mfupi, kama walivyofanya Waafrika Kusini. Mambo matatu yanatosha. Garanti ya kiwanda isikatwe kwa sababu tu matunzo yalifanyika nje ya garaji ya muuzaji. Anayekataa kulipa aonyeshe kwa maandishi uhusiano kati ya kazi ya nje na kilichovunjika. Na masharti ya garanti, ya kiwanda au ya nyongeza, yakabidhiwe kwa mnunuzi kabla ya pesa kutoka mfukoni, kwa lugha anayoielewa, Kiswahili kikiwemo.

Mwongozo wa namna hiyo haudai pesa nyingi za serikali, na hauwanyang'anyi wauzaji kazi. Garaji yao ikiwa nzuri na bei yake ya haki, wateja watakwenda wenyewe. Mnunuzi akilipia gari lote, alipewe pamoja na ahadi yake yote.