Kirukanjia Hana Mtalii

JICHO LA MLIMANI
Na Zuhura Mbaga

Hakuna mtalii anayepanda ndege kuja kumtazama kirukanjia. Ndiyo maana hotuba za maliasili zimejaa tembo na simba, na mnyama anayeenea kiganjani hatajwi kabisa.

Msitu wa Ndundulu, kwenye Milima ya Udzungwa, una kirukanjia wake. Wanasayansi walimtangaza mwaka 2005 kwa jina la Congosorex phillipsorum. Ndugu zake wa karibu wako mbali, katika misitu ya bonde la Mto Kongo, na katikati yao leo kuna nyika kavu asiyoweza kuivuka. Undugu huo hauelezeki kirahisi ila kwa kukubali kwamba zamani misitu hiyo ilishikana.

Wengi humwita panya, wanamwonea. Kirukanjia hagusi mahindi ya mtu. Anakula wadudu na minyoo, tena usiku na mchana, maana kiwiliwili kidogo namna ile hupoteza joto upesi. Chakula hicho kiko chini ya majani yaliyooza na magogo yaliyoanguka. Ukizoa magogo, ukapitisha moto au ng'ombe, sakafu inakauka. Miti itabaki imesimama, picha ya setelaiti itaonyesha kijani, na ripoti itaandikwa kwamba msitu upo. Mimi ripoti hiyo siiamini.

Kumpima mnyama huyu, anayetuonyesha kama sakafu ya msitu bado iko hai, si kazi ya mabilioni. Marehemu William Stanley wa jumba la makumbusho la Field, Chicago, alifanya hivyo kwa miaka mingi katika milima yetu: ndoo 11 zinafukiwa hadi mdomoni, mita tano tano, zimetobolewa chini ili maji ya mvua yapite, na ukuta mfupi wa nailoni unakatiza juu yake. Kirukanjia akikutana na ukuta hufuata ubavu wake, mara kadumbukia.

Ndoo zinauzwa kila gulio. Vijana wa vijiji vya jirani wanaijua milima hiyo kuliko mgeni yeyote. Basi wanaosimamia misitu waje na bajeti ijayo watuambie: ni misitu mingapi wameshaipima kwa ndoo, na nani alizikagua asubuhi?