Mtoto Aliyefunika Kioo



Mwezi huu naomba tuzungumze juu ya katuni. Najua wapo watakaosema, "Mama naye ameishiwa mada!" Lakini nisikilizeni kwanza, maana jambo lenyewe limeingia mpaka chumbani tunamolala.

Jumamosi moja baada ya ibada ya akina mama, mwenzetu mmoja alinivuta kando. Ni mama kijana, anauza nguo za watoto Mtaa wa Kongo, Kariakoo, na amepanga vyumba viwili ghorofani Mtaa wa Sikukuu. Wanaoujua Mtaa wa Kongo wanajua kwamba anayetaka kuuza pale huondoka nyumbani mapema kwenda kupanga bidhaa, na hurudi giza limeingia. Mumewe ni dereva wa lori, hulala nyumbani siku chache tu katika mwezi. Mtoto wao wa kike, mwenye miaka 6, akitoka shuleni hubaki na binti wa kazi. Binti naye ana kufua, kupika na kupiga pasi. Basi ili mtoto atulie, hupewa simu ya zamani ya mama yake atazame katuni.

"Mama," aliniambia, "siku tatu sasa mwanangu hataki kulala. Jana nimekuta kioo cha kabati kimefunikwa kanga yangu, imebanwa kwa vibanio vya nguo. Nilipoiondoa alipiga kelele mpaka majirani wakagonga mlango."

Majirani hawakukosa la kusema. Mmoja alisema mtoto ameona kitu. Mwingine akasema apelekwe akaombewe, ana pepo. Wa tatu, kwa sauti ya chini, akataja mganga. Binti wa kazi akakaripiwa bila kuulizwa neno. Na mama mwenyewe, kama tulivyo sisi wanawake, alimaliza kwa kujilaumu. Alisema labda aache biashara akae nyumbani. "Lakini nikiacha, Mama, kodi ya nyumba na ada ya shule itatoka wapi?"

Tuliomba palepale, maana kuomba ni vyema siku zote. Lakini maisha yamenifundisha kwamba pamoja na kumwombea mtoto, ni vizuri pia kumwuliza kinachomsumbua. Nikamwahidi kwenda kesho yake, Jumapili, siku ambayo hafungui biashara.

YUMO HUMO NDANI

Nilimkuta mtoto ameketi kwenye mkeka, ameupa mgongo mlango wa chumbani. Alinisalimia vizuri, "Shikamoo, Bibi." Nikamwitikia, nikaketi naye chini. Sikumwuliza habari za kioo. Nilimwomba anionyeshe katuni anayoipenda. Akatikisa kichwa. Nikamwomba basi anionyeshe asiyoipenda. Akaniletea simu.

Ilikuwa katuni ya zamani sana. Jina lake ni "Thru the Mirror", yaani kupita ndani ya kioo. Ilitolewa Marekani mwaka 1936 na kampuni ya Walt Disney, na aliyeiongoza ni David Hand, ambaye mwaka uliofuata, 1937, aliongoza filamu ndefu ya Snow White. Hii ni fupi, dakika 9 hivi. Maneno yake ni machache, nyingi ni muziki na vituko, hivyo hata mtoto asiyejua Kiingereza anaielewa yote.

Mickey Mouse amelala kitandani, amesinzia akisoma kitabu cha mtoto Alice aliyepita kwenye kioo. Katika ndoto anatoka ndani ya mwili wake uliolala, anapanda juu ya meko, anaingia ndani ya kioo kilichotundikwa ukutani. Upande wa pili kila chombo kina uhai. Viti vina tabia zao, simu inazungumza. Anakula kokwa, anakua mpaka anafika darini, kisha anasinyaa na kuwa mdogo kama kidole. Anacheza dansi na karata. Anacheza na malkia wa kopa, na mfalme anaona wivu. Hapo furaha inageuka vita, na jeshi zima la karata linaanza kumfukuza.

Tulipofika hapo mtoto akaziba macho.

"Nini mjukuu wangu?"

"Hajatoka, Bibi."

"Nani hajatoka?"

"Mickey. Karata zinamfukuza. Yumo humo." Akaonyesha kwa kidole mlango wa chumbani.

Nikamwuliza kwa nini hakutazama mpaka mwisho. Akajibu kama mtu mzima anayeeleza jambo la kawaida: "Bando liliisha."

Kumbe! Hapakuwa na pepo wala mtu aliyemroga. Mtoto alikuwa ameachwa katikati ya hadithi. Simu ilikata wakati Mickey anakimbia roho mkononi, na tangu siku ile, katika mawazo ya mtoto, alibaki akikimbia ndani ya kioo cha kabati, na yale makarata nyuma yake. Alikifunika kioo ili yasije yakatoka.

Nilimtazama mama yake. Alikuwa ameshika mdomo.

TUKATAZAMA MPAKA MWISHO

Tukanunua bando. Mama akashuka kitini, akaketi mkekani, mtoto tukamweka katikati. Karata zilipotokea alijificha ndani ya kanga ya mama yake, akawa anauliza, "Bado? Bado?" Mama akamsimulia, "Anakimbia... anakimbia... amekiona kioo... anaruka..." Mtoto akafunua uso wakati uleule Mickey anaporudi upande huu, anaingia tena ndani ya mwili wake kitandani, na saa ya kengele inalia.

"Alikuwa anaota," mama akamwambia.

"Amerudi kwao," mtoto akasema.

Akaomba turudie kipande hicho cha mwisho. Mara ya pili alikuwa kimya. Mara ya tatu alicheka.

Nisiwadanganye, kanga haikuondolewa siku ile. Iliondolewa Jumanne, na aliyeiondoa ni mtoto mwenyewe, kwa sababu alisukwa nywele akataka kujiona.

JE, HADITHI HIZI NI UCHAWI?

Wapo akina mama wenzangu wanaosema Mkristo asimruhusu mtoto kutazama mambo ya kupita kwenye vioo na vyombo vinavyosema. Nawaheshimu, na yapo mengi katika simu ambayo hata mimi nayakataa. Lakini tujue kwanza tunachokihukumu.

Aliyetunga hadithi za Alice ni Mwingereza Charles Dodgson, aliyejulikana kwa jina la Lewis Carroll. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika chuo cha Christ Church, Oxford, na shemasi wa Kanisa la Anglikana. Tarehe 4 Julai 1862 aliwapeleka watoto watatu wa mkuu wa chuo kutembea kwa mashua mtoni, akawasimulia hadithi ili kuwafurahisha. Mmoja wao, Alice Liddell, akamwomba amwandikie. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1865, na kile cha kioo kikatoka mwishoni mwa mwaka 1871. Chote hicho kilianza kwa mtu mzima kukaa na watoto na kuwasimulia.

Tena hadithi hii si ngeni kwetu. Mwaka 1940 ilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la "Elisi katika Nchi ya Ajabu". Mfasiri alikuwa mwanamke, Bibi St Lo Conan-Davies, na katika picha zake Elisi ni mtoto wa Kiafrika. Kilichapishwa London na Sheldon Press, tawi la shirika la SPCK, lile lile la kueneza maarifa ya Kikristo. Mwaka 2015 ikatoka tafsiri mpya, "Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu", kazi ya Ida Hadjivayanis, mhadhiri wa Kiswahili katika chuo cha SOAS huko London. Kwa hiyo wapo wengi kabla yetu walioiona kuwa hadithi inayofaa watoto wetu.

Na tukisema kweli, sisi tulisimuliwa mambo ya kutisha kuliko haya. Nani kati yetu hakusikia habari za zimwi linalomeza kijiji kizima? Bibi alisema "Paukwa!", tukaitika "Pakawa!", na taa ya kibatari ikicheza ukutani tuliliona zimwi kabisa. Hata hivyo tulilala usingizi. Kwa nini? Kwa sababu zimwi lilipokaribia, tulisogea magotini pa bibi. Na kwa sababu bibi hakuondoka mpaka zimwi lipasuliwe tumbo na watu wote watoke wazima. Hakuna bibi aliyewahi kukata hadithi zimwi likiwa bado linameza.

Simu inajua kusimulia, tena kwa rangi na muziki. Lakini simu haina magoti. Haijui kama mtoto amefunika macho. Na ikiisha chaji au bando, inazima tu, haijali imemwacha mtoto wapi.

TUFANYE NINI BASI?

Simwambii mama wa Mtaa wa Kongo aache biashara yake. Mikono yake ndiyo inayolisha nyumba ile, na Mungu anaibariki. Tena Kariakoo imejaa akina mama wa namna yake. Nasema haya machache yanayowezekana.

Kwanza, tazama wewe kabla ya mtoto. Usichague kwa kuona picha ya juu tu. Zipo katuni zenye matusi na ukatili, na zinafanana kwa nje na zile njema. Zipo pia zinazotengenezwa hapahapa Dar es Salaam, kama Ubongo Kids, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2014, ambayo mtoto anajifunza hesabu na sayansi kwa Kiswahili.

Pili, katuni ihifadhiwe yote kwenye simu au memori kadi kabla mtoto hajapewa, ili isikatike njiani. Vijana wa Mtaa wa Aggrey wanaouza simu watakuonyesha namna ya kufanya.

Tatu, mweleze binti wa kazi. Naye ni mtoto wa mtu, mara nyingi ni mdogo, na anahitaji kuelekezwa kwa upole. Mwambie mtoto akiogopa, aache sufuria kidogo akae naye. Chakula kikichelewa si kitu.

Nne, jioni ukirudi, hata kama miguu inawaka moto, mwulize: "Leo umeona nini? Kiliishaje?" Hilo swali la pili ndilo kubwa. Akisema hajui kilivyoisha, tafuteni mwisho pamoja. Ile katuni ya Mickey ni dakika 9. Ukiwasha jiko la mkaa, dakika 9 zinapita moto haujashika vizuri. Usiniambie hatuna muda huo.

Tano, mtoto akiogopa usimcheke, na usikimbilie kusema ana pepo. Neno hilo mtoto hulisikia, nalo humwogofya kuliko katuni yenyewe. Keti naye, msikilize, kisha ombeni pamoja kwa maneno mafupi anayoyaelewa. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, wazazi wanaagizwa kuzungumza na watoto wao waketipo nyumbani, watembeapo njiani, walalapo na waondokapo. Sisi tungeongeza, na watazamapo katuni.

Nilipokuwa nikirudi jioni ile niliwaza habari za wanafunzi wa Yesu. Siku ya Ijumaa ile nao waliachwa katikati ya hadithi. Walifunga milango kwa hofu, kama mtoto yule alivyofunika kioo. Hawakuhitaji kukaripiwa. Walihitaji mtu aje kuwaambia habari za Jumapili. Wanawake ndio waliokwenda kaburini alfajiri, na wanawake ndio walioleta habari ya kwanza kwamba mwisho si ule waliodhani.

Dada zangu, kazi hiyo bado ni yetu. Watoto wetu watakutana na ya kutisha mengi, katika simu na nje ya simu, na hatuwezi kufunika vioo vyote. Lakini tunaweza kukaa mkekani, kuwashika, na kuwaambia: subiri mwanangu, hadithi haijaisha.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda. Mbaki salama katika Bwana.